Uvimbe ukishatolewa, upelekwe maabara

Jirani zetu wa Ngamiani wanajua kuwa mamdogo wangu alipasuliwa kizazi. Kilichokutwa humo wengi hawakijui. Ameniruhusu nikiandike, maana hapa Tanga kila akikaa na wenzake anasikia mmoja kaambiwa "ni uvimbe tu huo."

Alikuwa ameacha kuona siku zake miaka mingi. Mara damu ikaanza kutoka tena, kidogo kidogo, na tumbo la chini likajaa. Akaletewa chupa ya dawa ya kuyeyusha uvimbe. Nashukuru Mungu hakuimaliza. Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, kwa kawaida husinyaa hedhi ikishakoma. Ikiwa uvimbe unakua baada ya hapo, au damu inatoka, mtu aende hospitali, asiende kutafuta chupa ya pili.

Daktari alituambia wazi kuwa ultrasaundi haiwezi kuthibitisha kama ni fibroidi au kitu kingine, akataka kizazi kitolewe kizima. Baadaye nilisoma kwa nini. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya mashine inayokatakata uvimbe ndani ya tumbo ili utolewe kwa tundu dogo. Ilikadiria kuwa katika wanawake 350 wanaopasuliwa kwa sababu ya fibroidi, mmoja ana sakoma, aina ya saratani, isiyojulikana, na mashine ile inaweza kuitawanya tumboni.

Baada ya upasuaji nilikabidhiwa fomu na ndoo ndogo nyeupe, jina la mamdogo limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Ndani kizazi kimelowekwa kwenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, harufu inayochoma macho hata kifuniko kikiwa kimebana. Nikaifunga mifuko miwili, nikaipakata kwenye basi hadi Dar es Salaam. Segera wenzangu walishuka kununua machungwa. Mimi sikuthubutu kuiacha kwenye kiti.

Ndugu mmoja alishasema tunapoteza hela, uvimbe si umeshatoka? Jamani, hapa ndipo ninapoomba tuelewane. Mpaka utazamwe, hakuna anayejua kilichotoka ni nini. Maabara hukata kipande, hukigandisha kwenye nta, hukichana vyembamba kupita karatasi, hukitia rangi, kisha mtaalamu huangalia kwa hadubini: seli ngapi zinagawanyika, zipi zimeharibika umbo, wapi pamekufa.

Jibu likaja: leiomayosakoma. Ni saratani adimu ya misuli laini, ile inayofanya kazi bila sisi kuiamrisha, kwenye utumbo, kuta za mishipa ya damu na kizazi. Si saratani ya shingo ya kizazi, na kipimo cha shingo ya kizazi hakiwezi kutegemewa kuigundua. Wenye fibroidi msiingiwe na hofu: wataalamu wengi wanaona huanza yenyewe, si fibroidi iliyogeuka.

Husafiri kwa damu, na mara nyingi hukimbilia mapafuni. Ndiyo maana kliniki yake Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kila mara wanapiga picha ya kifua. Ya mwisho ilikuwa safi. Wataendelea kupiga, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi.

Kama kuna wa kwenu aliyetolewa uvimbe na hamkupewa majibu, rudini mkaulize. Kama uvimbe ulipelekwa maabara, vile vipande vya nta huhifadhiwa, na mtaalamu mwingine anaweza kuvisoma upya.