Viraka saba na seva tatu za kuua kwa zamu

Viraka, yaani vipande vya mabadiliko ya msimbo vinavyosubiri kukaguliwa kabla ya kuingizwa, vilikuwa saba. Kidogo kuliko vyote kilikuwa na mistari minne, kikubwa kilipita mistari mia tano, na vyote vilikuwa na lengo moja: programu yetu inayouliza saraka ya watumiaji kwa LDAP (itifaki ya kuzungumza na saraka) iweze kuhamia seva nyingine pale seva ya kwanza inapokufa. Vilikaa wiki mbili bila mtu kuvigusa. Kila mmoja wetu alivitazama kwa mbali kama mzinga wa nyuki. Mwishowe nikavichukua mimi, wala si kwa ushujaa. Zamu yangu ya kuamshwa usiku ilikuwa inakaribia, na msimbo ambao ungekuja kuniamsha ni huohuo.

Siku ya kwanza nilivisoma kwa mfuatano, cha kwanza hadi cha saba. Nikasahihisha majina mawili ya vigeu, nikauliza swali moja kuhusu maelezo, nikabaki kidogo tu niandike "sawa, ingiza". Msimbo ulikuwa msafi, umepangika, unasomeka. Kisha nikajiuliza swali la kitoto: seva ikifa sasa hivi, nini kinafuata? Sikuwa na jibu. Mistari yote nilikuwa nimeipitia, na jibu sina.

Nikachukua karatasi. Upande wa kushoto nikaorodhesha namna zote nizijuazo za seva kufa, halafu kwa kila namna nikafuata njia yake ndani ya msimbo. Zilinizidi hesabu. Huduma imezimwa lakini mashine ipo, basi kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya upande wa pili inakataa muunganisho papo hapo. Mashine yote imezimika, au kuna faiawoli, ukuta wa kuchuja mawasiliano, inayotupa pakiti kimyakimya, hapo hupati jibu lolote. DNS, huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani, haina jina hilo. Cheti cha TLS, ile ya kusimba muunganisho, kimeisha muda. Muunganisho uliokuwepo tangu asubuhi unakatika katikati ya ombi. Na ile ninayoichukia kuliko zote: seva inapokea muunganisho vizuri, halafu inanyamaza.

Kilichonikosesha usingizi kilikuwa kiraka cha tatu, kile chenye mistari minne. Kilisema hivi: baada ya kutuma nywila kwenye seva, matokeo yakiwa si sifuri, seva ihesabiwe mbovu na programu iende kwa inayofuata. Ukisoma haraka unaona mantiki. Lakini kwenye LDAP matokeo yasiyo sifuri yako ya kila aina. 51 ni seva kusema ina kazi nyingi, 52 ni kusema haipatikani. 49 ni kitu kingine kabisa: seva ni nzima, imekusikia, na inakuambia nywila si sahihi.

Sasa mfuate mtumiaji mmoja aliyekosea herufi moja. Seva ya kwanza inajibu 49. Programu inadhani imekufa, inapeleka nywila ileile mbovu kwa ya pili, halafu kwa ya tatu. Kosa moja la kidole limekuwa makosa matatu. Pale ambapo seva zinashirikiana hesabu ya makosa na akaunti hufungwa baada ya matatu, mtu huyo amefungiwa nje kwa jaribio moja. Na hayo ndiyo madogo. Seva zote tatu zimeshapigwa alama ya ubovu, kwa hiyo anayefuata kuingia, hata akiwa na nywila sahihi, anaambiwa hakuna saraka. Mtu mmoja kakosea, jengo zima limefungwa.

Nilimwandikia mwenye viraka: "Ndugu, hapa seva ikisema hapana tunaizika ikiwa hai. Hebu jaribu nywila mbovu mara moja tu uone." Baada ya saa moja akajibu: "Lo! Mimi nilijaribu kwa kuzima seva tu. Sikuwahi kukosea nywila." Nikamwambia hata mimi nilipita hapo mara ya kwanza nisione kitu, na ilikuwa kweli.

Kuanzia hapo niliacha kusoma, nikaanza kuvunja. Niliwasha seva tatu kwenye mashine pepe, zote zikisikiliza poti 389, nikawa naziua kwa zamu kwa njia tofauti. Kuzima huduma ndilo jaribio ambalo kila mtu hulifanya, na ndilo lisilokufunza kitu, maana kukataliwa kunakuja mara moja na programu inahama kabla hujapepesa jicho. Nikaweka kanuni ya faiawoli ya kutupa pakiti badala ya kuzikataa. Hapo nikakaa. Nikasubiri. Kerneli ya mashine yangu ya majaribio hutuma ombi la kwanza la TCP, itifaki inayobeba muunganisho, kisha hurudia mara sita, kila safari ikiongeza subira maradufu: sekunde 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Jumla ni sekunde 127 kabla ya kukata tamaa. Seva mbili zikitoweka hivyo, mtumiaji anasubiri zaidi ya dakika nne kuifikia ya tatu ambayo ni nzima. Hakuna binadamu wa kungoja skrini ya kuingilia dakika nne. Kiraka cha pili kilikuwa kimeiachia kerneli iamue. Tukakubaliana programu iwe na saa yake: soketi (ncha ya muunganisho) isiyoizuia programu kuendelea, sekunde chache za kusubiri, muda ukipita tunaifunga na kusonga mbele.

Halafu nikafanya ninachopenda zaidi. Nikaipelekea seva ishara ya STOP, yaani mchakato wake ugande bila kufa. Inashangaza kuitazama mara ya kwanza. Muunganisho unakubaliwa bila shida, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na kerneli, na kerneli haijalala. Saa yetu mpya ya kuunganisha inaridhika na kujizima. Ombi la nywila linatumwa, TCP ya upande wa pili inathibitisha kulipokea, kisha kimya. Kwa TCP hakuna kosa lolote, basi unaweza kungoja hadi kesho. Saa moja haikutosha. Tuliongeza ya pili, ya kila ombi linalosubiri jibu.

Kiraka cha nne kilishughulikia maombi yaliyokuwa njiani wakati muunganisho unakatika. Muunganisho mmoja wa LDAP hubeba maombi mengi kwa pamoja, kila moja na namba yake, na kiraka kiliyakusanya yote yaliyobaki bila jibu na kuyatuma upya kwenye seva mpya. Kwa utafutaji hakuna ubaya, kuuliza mara mbili hakuharibu kitu. Ila ombi la kuongeza mtumiaji? Huenda seva ya kwanza ilishaliandika na jibu ndilo lililopotea. Ukilituma tena, ama unapata 68, ikimaanisha ingizo tayari lipo, na programu inamwambia msimamizi kuwa ameshindwa kumbe amefaulu, ama unaangukia seva ambayo nakala ya ingizo hilo haijaifikia na kuanzisha mgongano. Hapa tulibishana. Yeye alitaka mtumiaji asione kosa kamwe. Mimi nasema heri kosa la wazi kuliko uongo wa upole. Tukaishia hapa: maombi ya kusoma yarudiwe, ya kuandika yarudi kwa aliyeyatuma na ujumbe kwamba matokeo hayajulikani.

Kosa la kiraka cha tano nililipata kwa kalamu, si kwa majaribio. Soketi ikipata hitilafu, fanksheni ya kusoma ilikuwa inafunga muunganisho, inaachia memori, kisha inawaita mmoja mmoja wote waliokuwa wakisubiri ili kuwapa habari ya kosa. Nilichora mishale. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri, akisikia kosa, naye alikuwa anaita ileile fanksheni ya kufunga, kwa kielekezi (anwani ya memori) kilekile ambacho memori yake imeshaachiwa. Mshale ulirudi ulikotoka. Niliiendesha chini ya Valgrind, zana ya kunasa makosa ya memori, kuthibitisha, ikalalamika kurasa mbili. Dawa ilikuwa kugeuza mpangilio: kwanza uutoe muunganisho kwenye orodha ili asiupate mtu mpya, kisha uwaarifu wanaosubiri, na memori iachiwe mwisho, hesabu ya wanaoushikilia inapofika sifuri.

Cha kwanza kilikuwa sawa, na cha sita kilihitaji jambo moja tu. Kilipanga seva kwa rekodi za SRV za DNS, zinazotaja seva za huduma na kipaumbele cha kila moja, kama inavyotakiwa, kipaumbele chenye namba ndogo kikitangulia, ila kiliuliza DNS mara moja tu programu inapowaka. Seva mpya ingeongezwa leo na programu isiijue hadi iwashwe upya.

Viraka sita viliingia baada ya toleo la nne la viraka hivyo. Cha saba bado kiko wazi. Kinahusu kurudi nyumbani: seva ya msingi ikifufuka, programu iirudie lini? Kilivyoandikwa, kila programu inaipima kila baada ya sekunde 30 na kurudi palepale inapoikuta hai. Nilipowasha nakala mia mbili za programu kwa pamoja, zote ziliikimbilia seva iliyotoka kuamka, kila moja na salamu zake za TLS, na seva ikalala tena. Mwenzangu anasema tuchanganye muda kwa bahati nasibu na inatosha. Mimi nataka pia miunganisho iliyopo kwenye seva ya akiba iachwe imalize kazi yake, irudi ile mipya tu. Jana kaniletea toleo la tano. Mashine pepe zinawaka sasa hivi, na ya kwanza nimeshaigandisha.