Miguu Hainitii

Kijana mmoja, hamali wa sokoni hapa Mombasa, aliletwa kwetu hospitalini baada ya adhana ya alfajiri akiwa amebebwa na ndugu zake wawili juu ya kiti cha plastiki, kwa sababu miguu yake ilikuwa imegoma kabisa. Mchana wa jana yake alivuta mkokoteni mpaka alasiri, usiku akaenda harusini, akala biriani hadi akashiba, akanywa soda na kulala akiwa mzima. Nimebadilisha umri wake na mambo mengine machache ili asitambulike, na ninaandika haya kwa ruhusa yake.

Faili lilipofika mkononi mwangu, mstari wa kwanza ulisema kwamba mgonjwa ana ganzi ya miguu miwili. Neno hilo moja lilikuwa limekwisha kuipa kazi yetu mwelekeo: ganzi ya ghafla katika miguu yote miwili hutufanya tuushuku uti wa mgongo, na fomu ya kuombea picha yake ilikuwa tayari imejazwa. Hata hivyo, sisi tuliokulia Pwani tunajua kwamba mtu husema mguu umekufa ganzi akiwa hausikii, akiwa hawezi kuuinua, na hata akiwa ameukalia tu kwa muda mrefu. Nilivuta kiti nikamwomba anieleze upya, kwa maneno yake mwenyewe, bila haraka. Akanijibu, “Ganzi sina, daktari. Hata mbu akiniuma mguuni nasikia. Ni hii miguu, hainitii.”

Mama yake, aliyekuwa amesimama kando akishika ncha ya leso, alidakia, “Mwanangu, huyu kapigwa jicho pale harusini.” Nikamwambia, “Huenda mama una sababu ya kuwaza hivyo, lakini niruhusu kwanza nimpime damu.”

Mtu anayehisi kila mguso huku misuli ikikataa kutii anatupeleka njia tofauti na ile ya uti wa mgongo. Mapigo ya moyo wake yalikuwa 118 kwa dakika, na nilipomwomba anyooshe mikono na kuiwekea karatasi juu ya vidole, karatasi ilitetemeka kama jani. Alikuwa amekonda kwa miezi kadhaa, na kila mtu nyumbani aliamini kwamba ni mizigo na jua. Majibu ya maabara yalionyesha potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji ili vifanye kazi, ya milimoli 1.9 kwa lita, ilhali kwa kawaida haishuki chini ya 3.5, na siku chache baadaye homoni za tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, zikarudi zikiwa juu sana.

Huu ni ugonjwa wa kupooza kwa vipindi unaotokana na tezi hiyo kufanya kazi kupita kiasi. Matatizo ya thairoidi huwapata wanawake zaidi, lakini kupooza huku huwapata wanaume kwa wingi, hasa vijana, na wengi walioelezwa katika maandishi ya kitabibu ni wa Asia ya Mashariki. Ndiyo maana huku kwetu huhesabiwa kuwa kisa adimu. Potasiamu huwa haijapotea mwilini. Homoni zilizozidi huzichochea pampu za chembe za misuli, na mlo mzito wa wanga unapopandisha insulini, au mtu anapopumzika baada ya kazi ngumu, pampu hizo huivuta potasiamu kutoka kwenye damu na kuifungia ndani ya chembe, misuli ikashindwa kujikaza. Mkokoteni, biriani, soda na usingizi vilikuja kwa mpangilio ule ule ambao vitabu vinaueleza.

Hatari iko pande mbili. Potasiamu iliyoshuka hivyo inaweza kuvuruga moyo, lakini anayeijaza kwa pupa atashangaa saa chache baadaye ile iliyojificha itakapofunguliwa na kurudi yote katika damu. Kwa hiyo tulimpa kidogo kidogo, kipimo cha umeme wa moyo kikiwa kifuani mwake. Saa tisa alasiri alisimama, akashika ukingo wa kitanda, akatembea hadi dirishani. Mama yake alilia kwa sauti, na sioni haya kusema kwamba mimi pia macho yalinilenga.

Wenzangu waliposema kisa hiki kiandikwe, nilikubali kwa moyo wote, ingawa najua ripoti ya mgonjwa mmoja haithibitishi tiba yoyote. Tiba huthibitishwa kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa wengi, na mfano ulio karibu nasi ni jaribio lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa kimojawapo cha vituo vyake, ambapo watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo aongezwe maji ya mshipa kwa kasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kati ya walioongezwa maji hivyo, takriban 10.5 kwa kila 100 walifariki ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakuongezwa. Jicho la daktari mmoja kando ya kitanda kimoja lisingeweza kuiona tofauti hiyo.

Kazi ya ripoti ya kisa ni nyingine, nayo ni kutunza kile kilichoonekana na kilichosemwa kabla hakijasahaulika. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ambayo mwaka 2004 ilianzia Lamu na kuingia Mombasa ikawaacha watu wakitembea wameinama, ilipata jina lake kwa Wamakonde wa Tanganyika baada ya mlipuko wa 1952, kutokana na neno lao la kukunjika. Madaktari walioeleza ugonjwa huo waliliacha neno la wagonjwa lilivyo, na sasa dunia nzima inalitumia.

Lililonikera kwa miaka mingi ni ridhaa. Nikiwa bado mwanafunzi, mahali nisipopataja, niliona picha ya mtoto ikionyeshwa ukutani uso wazi, ilhali mzazi wake alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea. Kwa hiyo safari hii fomu tuliiandika kwa Kiswahili, nami nikamsomea kijana mwenyewe siku ya kliniki, polepole, aya baada ya aya. Aliuliza kama jina lake litatokea; nikamwambia halitatokea. Aliuliza kama kuna malipo. Nikamwambia hakuna, na kwamba hata akikataa kisa chake kiandikwe, dawa zake zitaendelea vile vile. Alitaka alale na jambo hilo kwanza, akarudi baada ya wiki moja na kutia saini.

Nilipomfasiria rasimu, alinisimamisha palipoandikwa kwamba lile lilikuwa tukio la kwanza. Akasema miguu ilishamlegea mara mbili kabla ya hapo, baada ya kazi, na wenzake sokoni walimwita mvivu mpaka akaona haya kutueleza. Akaniomba hilo liandikwe. Tumeliandika, na sentensi yake ya alfajiri ile imo ndani ya ripoti kwa Kiswahili, ikifuatiwa na tafsiri.