Sungura Ndani ya Atlasi

Leo nimemkuta mwanafunzi wangu mmoja akisoma ile riwaya fupi niliyompa, kaificha ndani ya atlasi. Kwanza nilifurahi: mtoto anaiba muda wa jiografia asome hadithi! Nilipoinama nikaliona jalada. Sungura kavaa fulana nyekundu, herufi kubwa kama za bango. Kijana mwenyewe ana miaka 13, sauti imeshaanza kukwaruza, na mwenzake wa dawati moja ana riwaya ya kurasa 300 yenye jalada jeusi. Alikuwa akificha aibu, na aibu hiyo nilimpa mimi.

Mwanzoni mwa muhula nilimwita kila mmoja anisomee ukurasa kwa sauti, akunje kidole kila akutanapo na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha, kitabu bado kigumu kwake. Njia ya kizamani, lakini ina mashiko. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation waliona kwamba wengi wa wanaojifunza lugha ya pili huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya hadithi ili waielewe bila msaada. Ukurasa wa maneno 250, asilimia mbili yake ni maneno matano. Mkono mmoja.

Basi kijana wangu alisoma ukurasa wa sungura bila kumaliza vidole, nami nikaridhika. Sikujiuliza kama angethubutu kukibeba kitabu hicho mbele ya wenzake.

Vipimo vya mashine ndiyo kabisa. Lexile, kipimo cha Kimarekani cha ugumu wa vitabu, huangalia urefu wa sentensi na wingi wa matumizi ya maneno, basi. Ndiyo maana The Grapes of Wrath, riwaya ya John Steinbeck iliyotoka mwaka 1939, inapata alama 680L, kiwango ambacho Marekani huwekewa watoto wa darasa la pili na la tatu. Njaa, kufukuzwa kwenye ardhi, mauaji. Kwa mtoto wa miaka minane!

Ila kichekesho hicho kimenifumbua macho. Kumbe sentensi nyepesi zinaweza kubeba jambo zito, na hicho hasa ndicho wanachohitaji wasomaji wangu wanaosuasua. Jioni nimemwaga vitabu sakafuni nikaanza kuchambua upya: sura fupi, mhusika aliyewazidi mwaka mmoja au miwili (hakuna mwenye miaka 13 anayetaka kusoma habari za mwenye miaka tisa), jalada lisilomsuta mtu. Riwaya zilizoandikwa kwa mashairi nimeziweka juu kabisa, maana kurasa zake zina nafasi nyingi na hazimtishi mtu. Nimepata tatu zenye ugumu tofauti, zote zinahusu ndugu aliyeondoka nyumbani bila kuaga, ili darasa zima liweze kubishana pamoja. Nani asome ipi, watachagua wenyewe baada ya kuonja kurasa za mwanzo. Hodari akichukua nyembamba, namwachia. Anayesuasua akiing'ang'ania nene, nitakaa naye.

Nilisahau kuandika kilichotokea baada ya kipindi. Nilimwomba kijana anirudishie sungura nimpe kitabu kingine. Akakikumbatia.

"Mwalimu, naomba nimalize kwanza. Amekwama kisimani na maji yanapanda."

Nikatafuta karatasi ya kaki na mkasi, tukalifunika jalada.