Mlima wa kwenye noti, na bibi wa Longji

Guilin, mji wa kusini mwa China, ilinipokea kwa harufu. Nilishuka kwenye treni usiku, Oktoba hii, barabara nzima ikinukia maua ambayo sikuyaona mpaka asubuhi: vijiua vya manjano, vidogo kama punje za mtama, vimejibanza kati ya majani. Mji umeitwa kwa miti yenye maua hayo, inayoitwa gui; Guilin maana yake ni msitu wa miti ya gui.

Nilikuja kwa sababu ya noti. Nyuma ya noti ya yuan 20 kuna mto Li na vilima vyake pale Xingping, na tangu nifike China huwa naitazama kabla ya kulipa. Vilima vipo kweli, vya mawe ya chokaa, vimeyeyushwa na maji ya mvua kwa mamilioni ya miaka vikabaki vimesimama kama meno. Ukingoni watu wameinua noti zao wapige picha. Nami nikainua yangu. Mto ni mzuri, mzuri sana, ila niliondoka mapema kuliko nilivyopanga.

Longji ndiko nilikokaa. Ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Guilin, na jina lake maana yake ni uti wa mgongo wa joka. Majaruba ya mpunga yanapanda mlima ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukungu. Watu walianza kuyachimba zaidi ya miaka 600 iliyopita. Maji yanatoka kwenye msitu wa kileleni, yanateremka kutoka jaruba hadi jaruba, na hayaachwi yakauke hivi hivi: udongo ukikauka hupasuka, kingo zikaporomoka, na la juu likianguka huangukia la chini.

Karibu na kijiji cha Ping'an nilimkuta bibi akivuna kwa mundu. Jaruba lake halikuzidi upana wa vitanda viwili. Nilimsalimu kwa Kichina changu kidogo, akanijibu kwa Kizhuang, lugha ya Wazhuang wa huko, kisha akaniwekea mganda mikononi na kunionyesha sanduku kubwa la mbao la kupuria. Nilipiga mganda, hakuridhika. Akanishika viwiko, akaniinamisha, tukapiga pamoja. Punje zikamwagika kwa kishindo cha mvua. Tuliendelea mpaka jua likazama nyuma ya mgongo wa joka, bila neno hata moja tuliloelewana.

Usiku, nilipovua sweta, punje zilidondoka sakafuni. Nimeziokota zote. Basi la mjini linaondoka kesho asubuhi. Nimeshamwomba mwenye nyumba ya wageni usiku mmoja zaidi, maana jaruba la juu bado halijavunwa.