Nilivyokausha jenereta iliyoshika chumvi ya bahari, Tanga

Jenereta ya kiwanda cha barafu hapa Tanga, volti 400, ilikuwa imesimama masika yote hatua chache kutoka baharini. Kabla ya kuiwasha nilipima koili za stata (sehemu isiyozunguka) kwa mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupima ukinzani wa insulesheni, lile ganda linalozuia umeme kutoka kwenye koili. Dakika moja: megaomu 0.6. Kwa koili za aina hii zinatakiwa angalau megaomu 5 zikiwa na joto la nyuzi 40. Chini ya hapo umeme unaweza kupenya insulesheni na kwenda kwenye bodi, na stata ikaungua.

Kabla ya kuweka mega, toa nyaya zote za AVR (kidhibiti cha volti) na fungua kiungo cha nyutro na ardhi. Ukiacha AVR imeunganishwa, unaiua. Ukipima rota (sehemu inayozunguka), dayodi zake zote, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ziunganishwe pamoja kwa kipande cha waya. Ukimaliza, gusisha koili kwenye ardhi kwa muda mara nne ya ule uliopimia, maana zinabaki na chaji.

Mafundi wengi hapo hukimbilia hita. Kwa pwani haitoshi. Ule unga mweupe kwenye ncha za koili, upande feni inakovutia hewa, ni chumvi, nayo huvuta maji hewani kama chumvi ya jikoni inavyolowa masika. Ukikausha bila kuiondoa, vipimo vitapanda leo na kushuka tena baada ya siku chache. Nilifunika beringi, nikaosha koili kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi na sponji, bila presha, mpaka maji yanayodondoka yakawa safi kabisa.

Ndipo hita zikawekwa chini, na juu nikaacha wazi mvuke utoke. Joto lipande polepole na koili zisizidi nyuzi 80. Ukiharakisha, maji yanachemka ndani na mvuke unapasua insulesheni. Kila saa nilipima kwa dakika moja. Mwanzoni megaomu zinashuka, kwa sababu kila joto likipanda nyuzi 10 ukinzani hupungua karibu nusu. Usizime hita hapo! Endelea mpaka zipande na zitulie. Kisha pima dakika 10 mfululizo, gawanya kipimo cha dakika ya 10 kwa kile cha dakika ya kwanza: jibu lifike 2 au zaidi.

Ilipowashwa, mizunguko 1,500 kwa dakika ilifika lakini volti hazikupanda. Sumaku ya eksaita (jenereta ndogo ya ndani inayoipa rota umeme) huwa imefifia mashine ikikaa muda mrefu. Ukiwa umetoa nyaya za AVR, gusisha betri ya volti 12 kwenye koili ya eksaita, chanya kwa chanya, sekunde chache tu, ukiwa na dayodi katikati ya waya ili umeme usirudi kwenye betri. Kisha rudisha AVR.

Niliacha hita ndogo ndani ya jenereta, inayotumia umeme wa TANESCO. Kontakta (swichi inayoendeshwa na umeme) huizima hita hiyo pale jenereta inapoanza kuzunguka na kuiwasha tena jenereta inaposimama, maana ni jenereta ikiwa imepoa ndipo umande hushika koili.