Hamisha nyimbo zako mtandaoni, lakini usiformati memori kadi kwanza

Memori kadi nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zimebeba mchanganyiko uleule: bongo fleva zilizowekwa kwenye kibanda cha library (wanakojazia watu nyimbo kwenye kadi) Mwanjelwa au Mafinga, nyimbo za kwaya zilizotoka kwenye CD ya usharika, na rundo la audio za WhatsApp. Bongo fleva utazikuta karibu zote kwenye Spotify, Boomplay au YouTube Music. Za kwaya ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwaya nyingi za Rungwe, Makete na Kilolo zilirekodi, zikauza CD zao kanisani, zikaishia hapo. Ukifuta kadi ukiamini kila kitu kiko mtandaoni, hizo hazirudi.

Kwa hiyo anza kwa kutenganisha zilizoko mtandaoni na zisizokuwepo. Tovuti kama Soundiiz na TuneMyMusic, ambazo zinafunguka kwenye kivinjari cha simu, hazihamishi faili hata moja. Zinasoma orodha ya majina, kisha zinatafuta wimbo wenye jina hilo kwenye huduma unayohamia. TuneMyMusic inapokea hata orodha uliyoiandika mwenyewe: kila mstari jina la msanii, kistari, jina la wimbo. Kosa la kawaida ni kuletewa remix, au wimbo wenye jina hilo ulioimbwa na mtu mwingine kabisa, hasa pale ambapo majina ya walioshirikishwa yameandikwa ndani ya jina la wimbo. Yaondoe kabla ya kutuma orodha, na uhamisho ukiisha pitia matokeo mstari kwa mstari.

Nyimbo zisizokuwepo mtandaoni lazima uzipandishe wewe. Hapa napendekeza YouTube Music bila kusita: inapokea hadi nyimbo 100,000 kwa akaunti moja bila malipo, za MP3, M4A, FLAC, OGG au WMA. Anayeziona ni mwenye akaunti tu, na ulizopandisha zinacheza bila matangazo, hata kioo kikiwa kimezimwa, hata kama hulipii. Spotify haipandishi faili zako. Ile sehemu yake ya “Local files” inacheza tu kilichomo ndani ya simu, na simu ikiibiwa stendi, nyimbo zimekwenda nayo.

Kazi kubwa iko kwenye lebo za ndani ya faili, yaani jina la wimbo, msanii na albamu, na ndiyo watu wanayoiruka. YouTube Music ikishapokea wimbo, huwezi kusahihisha jina lake. Unafuta na kupandisha upya, na bando linaliwa mara mbili. Nyimbo za library huja na “Track 01” kwenye jina na anwani ya tovuti fulani mahali pa msanii. Tumia programu ya Mp3tag kwenye kompyuta ya Windows, huko ni ya bure: fungua folda, chagua nyimbo zote za CD moja, kisha jaza Artist, Album na Album Artist kwa mpigo mmoja. Album Artist ikiachwa wazi au ikitofautiana, albamu moja inaweza kukatika vipande vipande. Kwa kwaya, usiandike “Kwaya Kuu” au “Kwaya ya Vijana” peke yake, maana kila usharika unayo, na zote zitajikusanya chini ya msanii mmoja. Andika na jina la usharika, kwa herufi zilezile kila mara. Nafasi moja ikizidi katikati ya maneno, tayari una kwaya mbili.

Faili zenye mkia wa .amr, zilizorekodiwa na simu za zamani, au .opus, yaani voice note za WhatsApp, hazimo kwenye orodha ya zinazopokelewa. Zigeuze kuwa MP3 kwa VLC ya kompyuta: menyu ya Media, kisha Convert/Save. Kwa rekodi ya namna hiyo 128 kbps (kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti) inatosha. Kuweka 320 kunanenepesha faili tu, sauti haiongezeki.

Sasa piga hesabu ya MB. Wimbo wa dakika 4 wa 128 kbps ni kama MB 3.8, wa 320 kbps ni kama MB 9.6. Nyimbo 1,000 ni GB 4 hadi 10. Kama kasi ya kupandisha ni Mbps 1, GB 4 zinachukua karibu saa 9. Hiyo ni kazi ya bando la usiku au Wi-Fi, na uigawe usiku kadhaa.

Google inaelekeza kupandishia kwenye kompyuta: fungua music.youtube.com, bonyeza picha ya akaunti, chagua “Upload music”. Kama una simu tu, tumia Chrome na uweke alama kwenye “Desktop site” katika menyu ya vidoti vitatu. Mara nyingi kiungo kinarukia kwenye programu ya YouTube Music badala ya kubaki kwenye kivinjari. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu hiyo, kisha “Open by default”, uzime kufungua viungo. Opera Mini iache pembeni kwa kazi hii. Ikibana data kwa kiwango cha juu, ukurasa unapikwa kwenye seva za Opera ndipo unaletwa kwako, hivyo vitufe vya kupandisha na kuchezea muziki vinagoma.

Jaribu kwanza na nyimbo mbili tatu. Zikipita, endelea kwa mafungu ya 20 au 30, kioo kikiwa kinawaka na simu ikiwa kwenye chaji. Simu yenye RAM ya GB 2 ikizima kioo au ukihamia WhatsApp, mfumo unaweza kuua ukurasa ule katikati, na utabaki hujui wimbo gani umefika. Ndiyo maana mafungu madogo ni bora.

Kusikiliza ni jambo jingine. Kivinjari hakitakusaidia ukishuka Kitonga mtandao ukakatika, kwa hiyo shusha nyimbo zako ndani ya programu kabla ya safari. Waliolipia Spotify Premium wakumbuke kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo walizoshusha zinajifunga. Kwa anayesikiliza kwa bando, punguza ubora kwenye mipangilio: 96 kbps inakula kama MB 43 kwa saa, 320 inakula 144. Chrome ilikuwa na kibana data chake, lakini kiliondolewa mwaka 2022.

Kabla ya kugusa kadi, fungua sehemu ya Uploads kwenye simu nyingine yenye akaunti yako, cheza nyimbo chache za kila albamu hadi mwisho, na linganisha idadi na ile ya folda. Nakili pia folda nzima kwenye flashi. Ukihitaji kuzitoa YouTube Music siku moja, ingia takeout.google.com, chagua YouTube, na kwenye orodha ya yaliyomo ondoa alama zote isipokuwa ya muziki uliopandisha. Usipofanya hivyo utashushiwa na video zako na historia yote.