Lango limelazwa karakanani

Hatimaye lango la lile jumba la mashambani limeshushwa. Upande wa kushoto tumeulaza juu ya magogo, na tangu asubuhi nakwangua rangi: nyeusi, kijani, nyeupe, halafu ile nyekundu ya risasi, yaani yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Sehemu moja ndogo nimeiacha na tabaka zake zote, maana ndiyo kumbukumbu pekee ya rangi za lango hili. Barakoa sivui. Vumbi la risasi halina mzaha.

Mwenye mali aliuliza kwa nini tusipulize mchanga kwa kompresa, kazi iishe upesi. Nikamwonyesha jani moja la pambo, bati jembamba lenye alama za nyundo hadi leo. Majani ya namna hii yalipata umaarufu Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, Jean Tijou, mhunzi Mfaransa, alipofanya kazi kwenye jumba la kifalme la Hampton Court. Mchanga ungefuta alama zile, pengine ungelitoboa jani lenyewe. Hakuuliza tena.

Kutu ya juu inatisha macho tu. Inayoua lango ni ile ya kwenye maungio. Maji yakishapenya kati ya nondo na pete inayozibana, kutu huanza kuvimba humo ndani, maana inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Husukuma polepole hadi nondo inapinda na ribiti, ile pini inayofunga vyuma pamoja, inakatika kichwa. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: tunafungua, tunasafisha, tunapaka rangi hadi ndani, ndipo tunafunga.

Nondo moja imeliwa chini, na palipokatika panaonekana nyuzinyuzi kama ukuni uliopasuliwa. Ni mavi ya chuma, takataka zilizobaki ndani ya chuma kilipotengenezwa, zikavutika pamoja nacho kilipokuwa kikifuliwa. Feleji ya leo, yaani chuma cha pua cha viwandani, haina nyuzi hizo. Tatizo ni kukipata chuma hicho cha kale chenye nyuzi: huko Uingereza kiwanda cha mwisho kukitengeneza kibiashara, cha Thomas Walmsley mjini Bolton, kilifungwa katika miaka ya 1970. Tunategemea chakavu, kama minyororo ya zamani, tunakifua upya na kukiunga motoni. Wapo wanaosema tia feleji tu, rangi itaficha. Mimi hapana. Na kila kipande kipya nakigonga mwaka kwa nyuma, atakayelifungua baadaye asidanganyike.

Bado tunavutana kuhusu mapambo yaliyopotea. Majani nitayafua, kwa kuwa wenzao wapo upande wa pili. Nembo ya juu, ambayo haina picha wala mchoro, nimekataa kuibuni.